Mazungumzo: Upimaji wa Maombi ya Fedha za Utafiti



Utafiti ni miongoni mwa mambo ya Muungano. Kwa hivyo mtafiti wa Unguja au Pemba anayeomba fedha katika Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1986, hupita mlango ule ule wa mwenzake wa Bara. Mlangoni hapo andiko lake husomwa na kupewa alama na wataalamu wenzake. Wapimaji hao ndio wanaokusudiwa katika mazungumzo haya.

Itazamwe Mbangala, Mkoa wa Songwe, katika ukanda wa dhahabu ambako wachimbaji wadogo husaga mawe kwenye makarasha na kukamata dhahabu kwa zebaki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020. Na ichukuliwe kwamba mhandisi ameomba fedha za kujaribu huko mtambo usiotumia zebaki. Andiko likimwangukia mkemia wa maabara, atauliza usahihi wa vipimo. Likimwangukia aliyewahi kusimama kwenye mwalo, atauliza maji yatatoka wapi wakati wa kiangazi, na iwapo mchimbaji ataipata dhahabu yake siku hiyo hiyo. Akiwapo mmoja tu kati yao, nusu ya maombi haikupimwa.

Hiyo si dhana tupu. Mwaka 1981, Marekani, maombi 150 yaliyokwisha kuamuliwa yalipimwa upya na wataalamu wengine. Ikabainika kuwa karibu nusu ya hatima ya ombi ilitokana na bahati ya nani kalisoma. Mwaka 1997, Uswidi, Christine Wennerås na Agnes Wold walionesha kwamba mwanamke alihitaji kazi mara 2.5 za mwanamume ili apate alama sawa katika Baraza la Utafiti wa Tiba. Aidha, mwombaji mwenye mafungamano na mjumbe alipandishiwa alama, ingawa mjumbe huyo mwenyewe alizuiwa kumpima. Wenzake walimfanyia hisani.

Hapa nchini, ambako mpimaji huenda akawa mwalimu wa mwombaji au mwanafunzi wake wa zamani, kumtoa mtu chumbani pekee hakutoshi. Mafungamano yatajwe kwa maandishi kabla ya andiko kufunguliwa. Wasomaji watatu watoe alama kila mmoja peke yake kabla ya kukutana, na mmoja wao awe anayajua mazingira ya kazi. Wapimaji wa Kenya na Uganda waombwe. Mabaraza yao yamo pamoja na Tume katika mpango wa ushirikiano ulioanza mwaka 2015. Maombi mazuri yakilingana, kura si aibu: New Zealand imeitumia katika utafiti wa afya tangu 2013.

Naye aliyekataliwa, awe wa Mbangala au wa Mkoani, apewe sababu kwa maandishi, mapema kiasi cha kuwahi msimu wa maombi unaofuata.