"Sisi Hatuna Upande"
(Hotuba kwa vijana wa Shinyanga na Geita)



Hatukuwaita hapa kuwakataza kupiga kura. Tumewaita tuseme juu ya wale wanaopita machimboni na vipaza sauti na fulana mpya wakinadi: "Kijana jitokeze, kura ni haki yako, sisi hatuna chama." Maneno mazuri. Lakini sisi tuliosomea ualimu tunajua kwamba swali lenyewe laweza kumpa mwanafunzi jibu.

Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana Tabora. Hawakubishana juu ya nani achaguliwe. Walibishana kama chama kiingie au kisiingie katika uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, la sivyo kura yake imeharibika. Mwalimu Nyerere alisema tuingie. Bwana Zuberi Mtemvu alikataa, akatoka akaunda chama chake. Sasa fikirini: mtu ambaye siku zile angesimama sokoni akasema, "Mimi sina upande, nawahimiza tu mkapige kura," angekuwa amekwisha kuchagua upande katika shauri lile lile lililobishaniwa.

Na wazee wetu wa huku? TANU ilizuiwa kufanya kazi Usukumani tangu 1954 mpaka 1958. Sheria ilimtaka mpiga kura awe na elimu ya darasa la nane, au mapato ya shilingi 3,000 kwa mwaka, au cheo. Mchunga ng'ombe wa Shinyanga angejitokeza wapi? Watu wa Geita walijitokeza kweli mwaka huo wa 1958, kwa maelfu, kuikataa halmashauri ya mchanganyiko wa rangi waliyoletewa. Kujitokeza huko serikali ya kikoloni ilikuita fujo.

Tuje karibu. Oktoba 29, 2025, CHADEMA haikuwamo katika karatasi ya kura. Ilikuwa imekataa kutia sahihi kanuni za maadili, ikidai mageuzi kwanza, nayo Tume ikaifungia nje. Mshindi akatangazwa kwa asilimia 97.66, na waliojitokeza wakatajwa kuwa asilimia 87. Hesabu hiyo ya waliojitokeza ndiyo iliyopeperushwa kama bendera. Kumbe kwenda au kutokwenda ndiko kulikobishaniwa, kama Tabora.

Basi mwenye fulana akija, mwulizeni nani kamlipia petroli, na nani kampa kibali. Mwulizeni kwa nini hasemi ni nani hayumo katika karatasi. Mchimbaji wa Nyarugusu aliyejiandikisha kwao Kigoma, je, amemweleza afanye nini, au anataka kelele tu?

Sisi tuna chama. Kadi zetu hizi, mnaziona, nanyi mna haki ya kutupinga.

Tunapokea maswali. Wa zamu ya usiku waanze, gari lao linaondoka.