Uanagenzi Ng'ambo: Nenda Mahali Ambapo Ujuzi Haufichwi

Hotuba iliyotayarishwa kwa wanafunzi wa vyuo vya ufundi vya kaunti wanaotafuta nafasi za uanagenzi katika nchi za nje

 

Kijana anayetafuta uanagenzi ng'ambo huuliza kwanza mambo mawili: ni nchi gani, na atapewa cheti gani? Yako maswali mazito kuliko hayo. Katika karakana anayokwenda, ujuzi hufichwa au hugawanywa? Na yeye anakwenda na ujuzi gani mkononi?

Tumtazame Krishna Reddy, aliyezaliwa mwaka wa 1925 kusini mwa India. Alisomea sanaa Santiniketan, katika chuo kilichoanzishwa na Rabindranath Tagore, kisha akaenda London kujifunza uchongaji. Mapema katika miaka ya 1950 alihamia Paris, Ufaransa, akaingia katika karakana ya kuchapa picha iitwayo Atelier 17.

Karakana hiyo ilianzishwa mwaka wa 1927 na Mwingereza Stanley William Hayter, aliyekuwa amesomea kemia na jiolojia na kufanya kazi katika kampuni ya mafuta kule Iran. Wasanii mashuhuri kama Picasso na Miró walifanya kazi humo. Hata hivyo, Hayter alitaka mabingwa na wanaoanza wafanye kazi bega kwa bega, na anayegundua jambo awaonyeshe wenzake.

Kazi yenyewe ni ya kuchafuka mikono. Mchoro huchongwa kwenye bamba la shaba au zinki, au huliwa kwa asidi. Wino hupakwa mpaka uingie kwenye mifereji, kisha bamba hufutwa kwa kitambaa. Karatasi iliyoloweshwa hulazwa juu yake na kupitishwa mashineni chini ya mgandamizo mkubwa. Kwa kawaida, picha ya rangi nyingi ilihitaji bamba tofauti kwa kila rangi.

Reddy alikuja na jicho la mchongaji, akaliona bamba kama nchi yenye vilima na mabonde. Akishirikiana na Hayter na Mhindi mwenzake Kaiko Moti, alikuza mbinu ya kupaka rangi kadhaa kwenye bamba moja. Siri yake ni mafuta. Wino mzito hukataa kushika mahali palipopakwa wino mwepesi wenye mafuta mengi. Rola ngumu hugusa vilima tu, ilhali rola laini hufika mabondeni. Bamba hupita mashineni mara moja, na rangi zote hutoka pamoja.

Katika karakana hiyo, mkemia na mchongaji walikutana kwenye meza moja, na hakuna aliyefunika kazi yake mwenzake alipopita. Ndiyo maana Reddy, aliyeingia kama mwanafunzi, alifikia kuwa mkurugenzi mwenza. Mwaka wa 1972 India ilimtunuku nishani ya Padma Shri. Baadaye alifundisha katika Chuo Kikuu cha New York, naye akawaonyesha wengine mbinu ile hadi uzeeni. Aliaga dunia mwaka wa 2018.

Vijana, kabla ya kutia sahihi, ulizeni: Nitagusa mashine, au nitafagia tu? Nani atanielekeza? Kuna posho, na nyumba italipwa na nani? Viza yangu inaniruhusu kufanya kazi? Penye asidi, kuna glavu na hewa ya kutosha? Majibu yawe kwa maandishi, na mzazi au mlezi abaki na nakala.

Kuosha rola na kufuta bamba si aibu, kwani mkono hujifunza hapo. Aibu ni kukaa miezi sita ukiosha bila kuonyeshwa kwa nini.

Nanyi mtakaporudi, msiufungie ujuzi kabatini. Mwonyesheni anayefuata.