Saladi ya Nyanya na Jibini kutoka Capri

Leo tunaandaa saladi ya kiangazi ya Capri, kisiwa cha Italia kilicho karibu na Napoli. Haipikwi, kwa hiyo ladha yote inategemea nyanya. Chagua zilizoivia shambani, nzito mkononi, zinazonukia pale kwenye kikonyo. Na tafadhali, usiziweke kwenye friji! Baridi ya chini ya nyuzi 12 huzidhoofishia harufu, na nyanya isiyonukia ni maji mekundu tu. Zioshe kwa maji safi yanayotiririka, uzikate slesi nene kiasi, unyunyize chumvi, kisha usubiri dakika 10 chumvi ivute maji.

Jibini yake ni mozarela, nyeupe na laini. Huko Campania, mkoa ulio na Capri na Napoli, hutengenezwa pia kwa maziwa ya nyati wa kufugwa. Nunua ya maziwa yaliyopashwa moto kuua vijidudu, hasa kama mlaji ni mjamzito. Ichuje maji, ikate, uipange kwa kupokezana na nyanya, utie majani ya mrehani na mafuta ya zeituni.

Siki? Mimi naiacha, maana nyanya ina uchachu wake. Iliwe papo hapo, na mchuzi unaobaki sahanini uchovyewe mkate.