KLABU TAJIRI NI IPI?
Namna ya kupima mishahara ya wachezaji

(Mazungumzo ya mwanachama mmoja, mhasibu mstaafu na mwenyeji wa Mchikichini, katika mkutano wetu wa mwaka.)



Katibu aliponiomba niseme machache juu ya michezo nilimjibu kwamba sikuwahi kuwa mchezaji wa maana. Wale niliosoma nao wanakumbuka kwamba kazi yangu ilikuwa kuokota mipira nyuma ya goli. Akaniambia, "Basi zungumza juu ya fedha za michezo." Hapo sikuwa na pa kukimbilia, maana mimi ni mtu wa vitabu vya hesabu.

Nimezaliwa na kukulia Mchikichini. Asiyekufahamu aelewe kwamba ni hatua chache tu kutoka Uwanja wa Karume na soko la mitumba la Karume, lile lililoungua Januari 2022. Ukivuka kuingia Kariakoo unakutana na jengo la Simba Mtaa wa Msimbazi, na jengo la Yanga pale Twiga na Jangwani. Kwa hiyo mtoto wa Mchikichini hujifunza ubishi wa watani hawa wa jadi kabla hajajifunza kusoma. Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936 zimetulea wote, kila mtu kwa upande wake. Upande wangu sitautaja, nisije nikakosa chakula cha mchana.

Zamani tulibishana nani ana chenga na nani ana shuti. Siku hizi pale kijiweni wanabishana nani ana fedha. Huyu anasema, "Sisi tumesajili kwa mabilioni." Yule anajibu, "Nyinyi mmekopa, sisi tumelipa taslimu." Nimewasikiliza miaka mingi, na nimeona kwamba wote wanapiga kelele juu ya hesabu ambayo hakuna hata mmoja aliyeuliza inapimwaje. Hilo ndilo nataka tulitazame leo.

Nianze na mfano wa sokoni kwetu. Mfanyabiashara wa mitumba ananunua belo. Ukimwuliza belo limemgharimu kiasi gani, mjinga atakutajia bei ya belo. Mwerevu atajumlisha nauli ya mkokoteni, kodi ya kibanda, ushuru, na zile nguo mbovu za chini ambazo hazitauzwa hata kwa bei ya kutupa. Mchezaji naye ni vivyo hivyo: mshahara wake wa mwezi ni bei ya belo tu.

Sasa twende Marekani, ambako wamelishughulikia jambo hili kwa miaka mingi. Wana mchezo uitwao besiboli, wa kupiga mpira kwa rungu. Siku hizi unachezwa hata hapa Dar es Salaam, katika uwanja uliojengwa Sekondari ya Azania. Katika ligi yao kuu hakuna kikomo kabisa cha matumizi, lakini klabu inayopita kiwango fulani hutozwa kodi. Mwaka 2024 kiwango hicho kilikuwa dola milioni 237. Ili kutoza kodi hapana budi kupima, na hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu klabu moja inaweza kuwa na jumla mbili au tatu za mishahara, na zote zikawa za kweli.

Ukihesabu wachezaji 26 wa kikosi cha mwanzo wa msimu unapata jumla moja. Ukihesabu wote 40 walio chini ya mkataba, kama kodi inavyotaka, unapata nyingine. Ukihesabu fedha iliyotoka mwaka huu unapata moja. Ukichukua mkataba mzima ukaugawa kwa idadi ya miaka yake unapata nyingine, na hii ya kugawa ndiyo inayotumika kwa kodi.

Mfano maarufu ni Shohei Ohtani, Mjapani aliyesaini na Los Angeles Dodgers Desemba 2023. Mkataba wake ni wa dola milioni 700 kwa miaka 10. Mtu wa kijiweni atasema basi analipwa milioni 70 kwa mwaka. La hasha! Alikubali kupokea milioni 2 tu kila mwaka, na zile milioni 680 zilizobaki alipwe baadaye, kuanzia 2034 hadi 2043, bila riba. Wakadiriaji wa kodi wakafanya hesabu ya thamani ya fedha inayocheleweshwa, wakaandika kiasi cha milioni 46 kwa mwaka. Sasa niambieni, Ndugu zangu: mshahara wa mtu huyu ni milioni 2, milioni 46, au milioni 70? Jibu linategemea umeuliza nini. Ukiuliza fedha iliyotoka mfukoni, ni 2. Ukiuliza mzigo wa klabu, ni 46. Ukiuliza ahadi, ni 70.

Ulaya wana njia yao. Klabu ikinunua mchezaji kwa ada kubwa, ada hiyo haiandikwi yote mwaka mmoja, bali inagawanywa kwa miaka ya mkataba. Ukimnunua kijana kwa shilingi milioni 300 kwa mkataba wa miaka 3, daftari linaonyesha milioni 100 kila mwaka, hata kama fedha yote imeshaondoka. Chama cha kandanda cha Ulaya, UEFA, kimeweka sheria kwamba kuanzia msimu wa 2025/26 mishahara, ada hizo zilizogawanywa na malipo ya mawakala kwa pamoja visizidi asilimia 70 ya mapato ya klabu. Naipenda sheria hiyo kwa jambo moja: haiulizi umetumia kiasi gani, inauliza umetumia kiasi gani ukilinganisha na unachopata. Hata mama zetu walitupima hivyo hivyo.

Je, mwenye fedha ndiye mshindi? Mara nyingi, ndiyo. Simon Kuper na Stefan Szymanski, katika kitabu chao cha mwaka 2009, walionyesha kwamba katika kandanda ya Uingereza jumla ya mishahara inatabiri nafasi ya timu katika ligi vizuri kuliko fedha za kununulia wachezaji. Lakini si sheria ya Mungu. Mwaka 2002 Oakland, timu ya besiboli yenye mishahara ya dola milioni 40 hivi, ilishinda michezo 103, sawasawa na New York Yankees waliotumia milioni 125 hivi. Na mwaka 2023 New York Mets walitumia zaidi ya milioni 300, wakashinda michezo 75 tu kati ya 162. Fedha yao ilikwenda kama maji ya Msimbazi wakati wa masika.

Turudi nyumbani. Vijana msidhani wachezaji wa enzi zetu walicheza bure. Ligi ilikuwa ya ridhaa, ni kweli, lakini mchezaji mzuri aliajiriwa na shirika la umma, kiwanda au bandari, akawa karani au fundi anayeonekana kazini kwa nadra. Mshahara wake ulikuwa katika vitabu vya mwajiri, wala si vya timu. Kwa hiyo daftari la timu lilikuwa safi kama pamba, huku gharama imelala kwingine. Mashirika yalipoyumba na kubinafsishwa, timu nyingi za mahali pa kazi zilikufa nayo, na watu wakashangaa. Mimi sishangai. Nguzo iliyoshika paa haikuwa imeandikwa popote.

Siku hizi mambo yako wazi zaidi, ila macho yanatudanganya. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba Azam Media watalipa shilingi bilioni 225.6 kwa haki za matangazo ya ligi kuu kwa miaka 10. Kijiweni wakasema, "Klabu zimepata bilioni 225!" Walisahau miaka 10, wakasahau kwamba klabu ni nyingi. Hali kadhalika Mohammed Dewji alipojitokeza na shilingi bilioni 20 kwa asilimia 49 ya Simba, wengi waliigeuza fedha ile kuwa mishahara ya nyota vichwani mwao. Fedha ya hisa ni mtaji. Anayekula mtaji kwa mishahara ni sawa na mkulima anayepika mbegu.

Ndugu Mwenyekiti, mpaka hapa nimesema ya wengine. Naomba niseme langu, kwa sababu ndilo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Mwaka 1994 nilikuwa mweka hazina wa timu moja ya mtaani kwetu iliyocheza ligi ya wilaya. Tulitaka kupanda daraja. Tulikuwa na wachezaji 18, kila mmoja posho ya shilingi 3,000 kwa mwezi. Jumla 54,000. Kwa msimu wa miezi 5 ni 270,000. Hiyo ndiyo hesabu niliyoisoma mbele ya wanachama, wakanipigia makofi kwa kubana matumizi.

Ambacho sikukisoma ni hiki. Wachezaji 6 tuliwatoa nje ya mtaa, kila mmoja tukamwahidi 60,000 za usajili, nusu mwanzo na nusu mwisho wa msimu. Hizo ni 360,000. Wanne tuliwapangishia vyumba, 16,000 kwa mwezi, yaani 80,000 kwa msimu. Mama lishe alitupikia kambini kwa mkopo hadi deni likafika 70,000. Jumla ya kweli, Ndugu zangu, ilikuwa 780,000, karibu mara tatu ya niliyoisoma. Vyumba na nusu ya kwanza ya usajili vililipwa na tajiri mmoja mpenzi wa timu, kwa mkono wake, nami nikajiambia kwamba kisichopita mkononi mwangu hakinihusu.

Msimu ukaisha, hatukupanda. Biashara ya tajiri ikaharibika, akahama mji. Zikabaki 180,000 za wachezaji na 70,000 za mama lishe, na daftari langu halikuwa na hata senti moja ya deni.

Jioni moja akaja nyumbani beki wetu wa kushoto, kijana wa umri kama wenu. Goti lilikuwa limevimba tangu mchezo wa mwisho, na alitembea kutoka Mbagala kwa kukosa nauli. Akaniomba 30,000 zake aende hospitali. Nikamfungulia daftari, nikamwonyesha, nikasema, "Mdogo wangu, humu hakuna deni lako." Aliangalia ukurasa ule kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kwa upole, "Kaka, kama jina langu halimo humu, nilikuwa nacheza kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Nilimlipa kutoka mshahara wangu, kidogo kidogo, miezi mitatu, lakini goti halisubiri awamu. Hakucheza tena. Wale watano wengine walipata sehemu tu kwa mchango wa wanachama. Mama lishe nilimpunguzia deni, sikulimaliza, naye sasa ni marehemu. Hakuna fedha niliyoiba katika mambo yale. Niliandika hesabu sahihi ya kitu kisicho sahihi, na watu wakaumia papo hapo.

Leo ulimwengu umeamka kidogo. FIFA huizuia klabu isiyotii amri ya kumlipa mchezaji kusajili wapya mpaka ilipe. Lakini yule beki wa ligi ya wilaya hana wakala wala wakili. Ana mweka hazina tu.

Ndiyo maana nina ombi. Chama chetu kimekusudia kuanzisha mfuko wa kusaidia timu ya shule. Naunga mkono, na mchango wangu nimeshamkabidhi Katibu. Ila naomba daftari la mfuko huo liwe na safu nne tangu ukurasa wa kwanza. Ya kwanza, kilicholipwa. Ya pili, kilichoahidiwa na bado hakijalipwa. Ya tatu, kinacholipwa na mtu mwingine kwa niaba yetu, ili tujue siku akiondoka tutabaki na nini. Ya nne, kinachomhusu aliyeumia. Jumla ya hizo nne ndiyo gharama ya timu. Ukisoma ya kwanza peke yake utapigiwa makofi kama nilivyopigiwa mimi.

Nanyi vijana, wako miongoni mwenu watakaovaa jezi za klabu kubwa. Siku utakapowekewa karatasi mbele yako usiangalie tarakimu kubwa tu. Uliza italipwa lini, na nani, na ukiumia je. Kisha omba nakala yako. Wengine mtakuwa wahasibu, na hamtaimbwa uwanjani. Msiache jina la mtu nje ya daftari.

Na kuhusu klabu tajiri ni ipi kati ya zile mbili, nitawaambia ninavyowaambia pale kijiweni: ni ile ambayo mchezaji wake wa mwisho benchi hamdai mtu.