Taka za urani na maji ya Nyasa

Msikilizaji uliyeko Liparamba, au kule ufukweni Mbamba Bay, habari za vinu vya nyuklia vinavyobomolewa Ulaya na taka zake kupimwa zaweza kukufikia kama mambo ya mbali. Afrika Mashariki haina hata kituo kimoja cha umeme wa nyuklia. Lakini mafuta ya vinu hivyo huanza kama mwamba wa urani, na taka za kwanza hubaki mgodini. Urani ikishatolewa, tope linalosalia hubaki na takriban asilimia 85 ya mionzi ya mwamba ule. Ndani yake mna radiamu, ambayo huchukua miaka 1,600 kupungua nusu tu.

Ng'ambo ya ziwa letu, Malawi, mgodi wa urani wa Kayelekera ulianza 2009, ukasimama 2014, ukarejea kazini 2025. Mto North Rukuru wa eneo hilo humwaga maji yake ziwani, Karonga. Na hapa Ruvuma tunao mradi wa urani wa Mto Mkuju, Namtumbo.

Upimaji wa maana huanza kabla ya kuchimba: visima, mito, samaki, vumbi. Bila kipimo cha awali, nani atatenganisha kilichotoka mgodini na kilichokuwamo ardhini tangu asili? Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania ina wataalamu. Matokeo yao yasomwe kwenye mikutano ya vijiji, na fedha za kufunga mgodi zitengwe mapema. Kayelekera ilibadili mmiliki 2020. Tope lilibaki palepale.