Fundi Aliyeletwa na Mkandarasi



Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya jambo linalozisumbua parokia nyingi zinazojenga, yaani uhusiano wetu na mkandarasi mdogo. Huyu si yule tuliyetiliana naye mkataba, bali ni yule aliyeletwa naye na kukabidhiwa sehemu fulani ya kazi, kama vile kupaua, kupiga lipu, au kuweka mabomba. Yumo kiwanjani mwetu kila siku, lakini katika karatasi zetu hayumo. Anapofanya kazi vizuri hatulijui hata jina lake, ila siku anapoharibu tunalijua sote.

Miaka michache iliyopita tulikuwa tukijenga zahanati ya parokia. Mkandarasi wetu alimpa fundi mwingine kazi ya kupaua, naye akaja na vijana wanane. Mwanzo ulikuwa mzuri. Baada ya mwezi mmoja fundi huyo akaanza kufika siku anayotaka, simu hapokei, na kenchi mbili zikaonekana zimepinda hata kwa macho ya mtu asiyejua useremala. Masika yalikuwa yanakaribia, na saruji yetu ilikuwa ndani ya jengo lisilo na paa. Kamati ilikasirika, nasi tulikasirika pamoja nayo. Mjumbe mmoja akashauri vyombo vyake vyote, ngazi, misumeno na keekee, vifungiwe stoo mpaka atakapomaliza kazi. Hatukumpinga. Ufunguo wa stoo ulikaa mezani petu, na kwa siku tatu tulidhani tumetenda kwa busara.

Siku ya nne jioni vijana wale wanane walibisha hodi nyumbani kwa mapadre. Walikuwa hawajalipwa kwa majuma matano. Mmoja wao alikuwa mtoto wa jumuiya yetu wenyewe, ambaye tulimbatiza. Hakusema neno, aliyesema ni mkubwa wao, kwamba fundi wao alikuwa amepata kibarua mahali pengine ili apate fedha ya kuwalipa, lakini sasa vyombo vimefungwa. Ndipo tulipotambua ni nani hasa tuliyemfungia stoo.

Kesho yake tulimwendea fundi huyo, sisi peke yetu, bila kamati. Wengi wetu tunalijua agizo la Bwana wetu katika sura ya 18 ya Injili ya Mathayo, kwamba aliyekosewa amwendee mwenzake wakiwa wawili tu kwanza, kabla ya kuita mashahidi. Tunalihubiri sana kwa wanandoa. Kwenye kiwanja cha ujenzi tunalisahau, tunaanza na mkutano wa hadhara. Fundi alitoa daftari lake. Humo tuliona kuwa mkandarasi alikuwa amemlipa robo tu ya fedha waliyopatana. Tuliona pia baraza la mbele, ambalo halikuwamo katika ramani, na ambalo mzee wetu mmoja wa kamati alimwagiza aliongeze, kwa mdomo, wakiwa wamesimama juani. Mbao za baraza lile alizinunua kwa fedha ya vijana. Mali bila daftari hupotea bila habari, nasi katika shauri hili daftari lilikuwa kwake, kwetu halikuwapo.

Naye mkandarasi alipoulizwa kwa nini hakumlipa mwenzake, alijibu kwa upole kwamba hata yeye parokia ilikuwa imemchelewesha kwa miezi miwili, ikingoja michango ya mavuno. Lilikuwa jibu la kweli.

Hapa yafaa tukumbuke fundisho la Kanisa. Katika waraka wake juu ya kazi ya binadamu, Laborem Exercens, wa mwaka 1981, Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alionyesha kuwa mbali na mwajiri wa moja kwa moja yuko pia mwajiri asiye wa moja kwa moja, yaani wote ambao maamuzi yao hugusa masharti ya kazi ya mtu, hata kama hawakumwajiri wao. Huyo naye ana wajibu. Na Katekisimu ya mwaka 1992, namba 1867, inautaja udhalimu dhidi ya mfanyakazi wa ujira miongoni mwa dhambi zinazomlilia Mungu. Hatuwezi basi kunawa mikono kwa kusema kwamba vijana wale si wetu.

Lakini tusikosee upande wa pili. Huruma haigeuzi kenchi iliyopinda kuwa nyoofu. Zahanati ni ya wagonjwa, na paa likianguka halitauliza ni nani aliyecheleweshewa malipo. Tulimweleza fundi wazi kuwa kenchi zile mbili atazifanya upya kwa gharama yake, naye alikubali bila ubishi mwingi. Kwa uzoefu wetu mtu aliyesikilizwa juu ya haki yake huwa mwepesi kukiri kosa lake.

Vyombo tulivirudisha siku ileile, tukamwomba radhi. Kisha tuliketi pande tatu, parokia, mkandarasi na fundi, kwa sababu mkataba huwafunga walioutia sahihi, na parokia ikianza kumwamrisha au kumlipa fundi pembeni, mkandarasi atasema kazi si yake tena, na paa likivuja hapatakuwa na wa kuulizwa. Mkandarasi alikubali kwa maandishi kwamba sehemu ya fedha aliyokuwa akitudai tumlipe fundi moja kwa moja, ikatwe katika hesabu yake. Baraza lilipimwa, likaandikwa, likalipwa. Tuliomba pia kwamba vijana walipwe mezani, mbele ya mashahidi, kila mmoja akitia sahihi kwa mkono wake. Fundi hakulipenda sharti hilo, nasi hatukuliondoa. Tangu siku hiyo hakuna mjumbe wa kamati anayemwagiza fundi jambo lolote kiwanjani. Agizo hupitia kwa mkandarasi, kwa karatasi. Na kama mezani pasingepatikana suluhu, vijana wangekuwa na haki ya kulipeleka dai lao kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na ingekuwa juu yetu kuwaonyesha njia badala ya kuwaficha.

Paa lilikamilika mvua ikiwa imekwisha kuanza. Mifuko kadhaa ya saruji iliganda, na hasara hiyo tuliibeba.

Siku ya malipo walikuja vijana saba. Wa nane alikuwa amechoka kungoja, akaondoka kutafuta kazi migodini, wala wenzake hawakujua ni upande gani. Ujira wake wa majuma matano umo katika bahasha, ndani ya kabati la ofisi ya parokia, pamoja na karatasi isiyo na sahihi. Kila mwaka mweka hazina anapohesabu fedha hutuuliza kama bahasha ile iingizwe katika mfuko wa ujenzi, nasi humjibu kwamba fedha hiyo si yetu. Wenye ndugu huko migodini, tunawaomba mwendelee kutuulizia.