Msalaba Mmoja, Watu Wanne



Katika Vita Kuu ya Pili, Kikosi cha 6 cha King's African Rifles, jeshi ambalo wazee waliliita Keya, kilikuwa kikosi cha Tanganyika. Tarehe 19 Mei 1941 kilikuwa Colito, kusini mwa Ethiopia, kikipigana na Waitaliano.

Kombania mbili zilikuwa zimevuka mto Billate bila silaha yoyote ya kupigia vifaru. Ghafla vifaru vya adui vikatokea vichakani. Sajini Nigel Gray Leakey, mzaliwa wa Kenya mwenye umri wa miaka 28, alirukia kimojawapo, akafungua mfuniko, akawapiga kwa bastola waliokuwa ndani, akamwacha dereva tu na kumlazimisha akipeleke kifaru mafichoni. Mzinga wake ulipokataa kufyatuka, Leakey aliteremka akaviendea vingine kwa miguu, risasi zikimiminika.

Hakwenda peke yake. Sajini-meja mmoja Mwafrika na askari wengine wawili walifuatana naye. Vifaru viwili viliwapita. Leakey akarukia cha tatu, na alipokuwa juu yake, kifaru cha nne kikampiga risasi. Hana kaburi linalojulikana.

Tarehe 15 Novemba 1945 gazeti rasmi la Serikali ya Uingereza lilitangaza kwamba ametunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya ushujaa iliyo juu ya zote nchini humo. Tangazo hilo linawataja wale watatu pia, lakini kwa vyeo tu. Majina yao halikuyaandika.

Leakey aliustahili msalaba ule. Kuuliza wenzake walikuwa akina nani hakumpunguzii heshima hata kidogo, kwa maana walikwenda pamoja naye mbele ya vifaru vilevile na risasi zilezile.

Miaka hiyohiyo, wamisionari Wajerumani walipoondolewa Usambara kwa sababu ya vita, sharika zilizoanzishwa na Misioni ya Betheli, ikiwamo Vuga iliyoanza mwaka 1895, zilibaki mikononi mwa wachungaji, wainjilisti na walimu wenyeji. Hao nao walibatiza, walifundisha, walizika wafu na kufariji wajane, wala hakuna aliyewavika nishani. Historia ya usharika ikiwataja kwa vyeo tu, itakuwa imerudia kosa la tangazo lile.

Basi kila nyumba yenye cheti cha ubatizo cha zamani, picha ya mwalimu wa kwanza wa kijiji, au habari za babu aliyekwenda vitani asirudi, na izilete kwa wazee wa kanisa ziandikwe wakati wanaokumbuka wangali hai. Mungu anawajua watumishi wake wote kwa majina. Ni wajibu wa watoto wao kuwajua pia.

Mungu aibariki Vuga. Amina.